Jeep ya 1946 Isipakwe Rangi Mpya

Tuseme kuna jeep mbili, zote za aina ya CJ-2A, zote zimetoka katika kiwanda cha Willys-Overland mjini Toledo, jimbo la Ohio, mwaka 1946. Ya kwanza imepakwa rangi mpaka unaweza kujitazama kwenye boneti yake. Viti vyake ni vipya, taa ni mpya, kila boliti inang'aa. Ya pili imetolewa bandani, katika shamba fulani la huko huko Marekani. Rangi yake ya kijani imefifia hadi kukaribia kijivu, kwenye kingo chuma kimebaki kitupu na kimegeuka kahawia, kiti cha dereva kimepasuka, na pale miguu ilipokuwa ikikanyaga wakati wa kupanda pamelainika kama kizingiti cha mlango wa nyumba ya zamani. Ukimuuliza mtu hapa Lubumbashi angechukua ipi, atakucheka kwanza kwa sababu ya swali lenyewe. Mimi ningechukua ya pili. Tena nadhani sisi wa kitivo cha lugha tuna sababu ya kuichagua kuliko watu wa kitivo kingine chochote.

Sisemi hivi kwa kupenda vitu vya zamani tu. Sina gari, na ninaposafiri napanda basi kama wengine. Nisemalo ni hili: jeep ya pili inasomeka, na ile ya kwanza imefutwa ikaandikwa upya. Anayesoma lugha anajua tofauti ya vitu hivyo viwili, au angepaswa kuijua.

Kwanza tukumbushane gari hili ni gari gani. Mwaka 1940 jeshi la Marekani lilihitaji gari dogo, jepesi, linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne. Liliandikia makampuni 135, na muda wa kuleta gari la kwanza la majaribio ulikuwa siku 49. Kampuni ndogo iitwayo American Bantam, ya mji wa Butler huko Pennsylvania, ndiyo iliyofaulu: gari lilichorwa na mhandisi Karl Probst, likafikishwa kambi ya Holabird, Maryland, tarehe 23 Septemba 1940. Lakini Bantam haikuwa na uwezo wa kutengeneza magari mengi. Kazi kubwa ikaenda kwa Willys-Overland, na baadaye kwa Ford pia, ambayo iliunda gari lile lile kwa ramani za Willys. Vita vilipokwisha, magari zaidi ya 600,000 yalikuwa yamekwisha kutengenezwa. Hapo Willys ikajiuliza itafanya nini na mashine zake zote, na mwaka 1945 ikaanza kuuza jeep ya raia, hiyo CJ-2A, hasa kwa wakulima. Ilitangazwa kuwa itavuta jembe, itapeleka mazao sokoni, na injini yake itazungusha msumeno au pampu ya maji.

Jina lenyewe ni kisa kingine, na kwetu lina ladha yake. Wako wanaosema neno jeep limetokana na herufi G na P zilizosomwa kwa haraka, kwa maana ya gari la matumizi ya jumla. Lakini katika msimbo wa Ford, G ilisimama kwa serikali, na P ilionyesha gari ambalo umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni inchi 80. Wengine wanamtaja mnyama wa ajabu aitwaye Eugene the Jeep, aliyeingia katika vichekesho vya picha vya Popeye mwaka 1936, mnyama anayepita popote. Wengine tena wanakumbusha kwamba askari wa Marekani walikuwa wakilitumia neno hilo hata kabla ya gari kuwapo, kwa kumwita askari mgeni au chombo kisichojaribiwa bado. Willys ilifaulu kuliandikisha neno kama mali yake mwaka 1950, lakini watu hawakujali. Hapa kwetu kila gari lililoinuka, la barabara mbovu, ni jeep, hata kama limetoka Japani. Neno hili limetembea bila kuoshwa. Asili zake tatu bado ziko juu yake, hakuna iliyofaulu kuzifuta nyingine, na limeongeza maana njiani. Hakuna mwanaisimu atakayependekeza tulirudishe katika hali yake ya 1940. Basi kwa nini tunaona ni jambo la kawaida kulifanyia hivyo gari lenyewe?

Turudi kwenye ile jeep ya bandani tuisome. Ukiinama upande wa dereva, unaweza kukuta kwenye bati la ubavu mabonyeo mawili yenye umbo. Si ajali. Jeep ya vita ilibeba beleshi na shoka ubavuni, na bati lilibonyezwa kiwandani ili vyombo hivyo vikae vizuri. Vita vikaisha, mkulima wa Ohio hakuhitaji kubeba beleshi ya jeshi, lakini mashine za kukunjia bati zilikuwa zile zile, na kwa muda CJ-2A za mwanzo zikaendelea kutoka na mabonyeo ya vyombo visivyokuwapo. Baadaye kiwanda kikayaondoa. Ekseli ya nyuma nayo, katika magari ya mwanzo, ilikuwa bado ya aina ya kijeshi. Mti wa gia uliwekwa kwenye usukani kama katika magari ya mjini, halafu ukashushwa sakafuni. Kwa hiyo mtu anayejua kusoma anaweza kuitazama jeep moja akasema: hii ilitoka mapema, kabla ya badiliko fulani, baada ya badiliko lingine. Hahitaji karatasi. Tunafanya vivyo hivyo tunapokuta katika neno sauti ambayo haina kazi tena, na kutokana nayo tunajua neno lilipita wapi. Mabonyeo ya beleshi ni masalio ya sauti hiyo, ila yamo ndani ya bati.

Halafu kuna tabaka za rangi. Kijani cha kiwandani chini, pengine buluu ambayo mwenye shamba wa pili aliipaka kwa brashi, pengine jina la duka lililoandikwa mlangoni na kufutwa nusu. Kuna tundu pale mtu alipofunga redio, na kiraka kilichochomelewa na mtu ambaye hakuwa hodari wa kuchomelea. Kila kimoja kati ya vitu hivi ni sentensi iliyoandikwa na mtu aliyekuwa na haja fulani siku fulani. Fundi wa ukarabati anapopiga msasa mpaka chuma kitupu, sentensi hizo zote zinakwenda na vumbi, wala hakuna nakala.

Ninajua jibu: anaondoa uchafu ili kuirudisha jeep ilivyokuwa. Hapo ndipo siafiki, maana harudishi kitu. Anaunda kitu kipya kinachofuata wazo lake la 1946. Jeep za vita zilipakwa rangi ya kufubaa, kwa haraka, na mishono ya kuchomelea ilionekana. Za wakulima nazo hazikuwa na urembo mkubwa. Leo zinatoka gereji zinang'aa kuliko zilivyopata kung'aa kiwandani. Tuna jina la jambo hili katika isimu: kujisahihisha kupita kiasi. Mtu ambaye lugha ya mama yake haitenganishi l na r anaogopa kukosea, basi anasema «karamu» anapotaka kalamu ya kuandikia, akidhani amepanda daraja. Jeep inayong'aa kuliko kiwanda ni hiyo karamu.

Mfano unaonigusa zaidi ni boliti za Ford. Ford ilipounda jeep kwa ramani za Willys, ilipiga herufi F juu ya vipande vyake vingi, hata juu ya vichwa vya boliti. Vipande vya makampuni yote mawili viliingiliana, na hilo lilitakiwa na jeshi makusudi. Vitani, jeep ya Willys ikiharibika na jirani yake ya Ford imekufa, fundi wa jeshi alichukua kilicho karibu. Kwa hiyo jeep iliyofanya kazi kweli mara nyingi ni mchanganyiko: bodi ya huyu, ekseli ya yule, F hapa, hakuna F pale. Sasa wako wapenzi wa magari wanaotumia miaka kutafuta boliti zenye F ili jeep yao ya Ford iwe ya Ford yote kabisa. Wanaondoa boliti ambazo pengine zilifungwa Italia au Ufaransa mwaka 1944, wanaweka nyingine zilizo «safi». Wakimaliza wanapata gari lililo sahihi kwa kitabu cha kiwanda, na lile lililofika vitani halipo tena. Siku hizi mtu anaweza hata kuagiza bodi nzima mpya iliyotengenezwa Ufilipino, na vibao vya chuma vya dashibodi vilivyopigwa chapa upya. Kinachobaki cha 1943 ni chasisi na namba yake, na nyakati nyingine ni namba peke yake.

Kiswahili kina shida na jambo hili, na tuseme wazi. Tukitafuta neno la uso ambao muda umeuweka juu ya kitu, tunapata kutu, chakavu, kuukuu, mkweche. Yote ni ya dharau. Kale na kongwe yana heshima, lakini hayasemi lolote kuhusu uso wa kitu. Wafaransa wanasema patine na Waingereza patina, kutokana na neno la Kiitaliano. Tungeweza kuliazima, hakuna dhambi. Lakini methali zetu zinalo neno tayari: jungu kuu halikosi ukoko. Ukoko ni kile kinachoshika chini ya sufuria baada ya bukari kuiva, na kila mtu aliyelelewa hapa anajua kwamba watoto huugombania. Si chakula kilichoharibika wala si sufuria chafu. Umetoka kwa moto na muda, na hauwezi kununuliwa mbichi. Naomba ruhusa ya kusema ukoko wa gari. Ipo pia methali ya upande wa pili, nayo ni kali: kipya kinyemi ingawa kidonda. Sijui kama aliyeitunga alikuwa akifikiria rangi ya gereji.

Mjomba wangu ni fundi wa magari katika komuni ya Kenya, hiyo ya hapa mjini. Nilimwonyesha picha ya jeep isiyokarabatiwa na kumwambia kwamba huko Marekani wako watu wanaoitaka kuliko ile iliyopakwa rangi. Aliitazama sana. Kisha akasema: «Mwipwa, kutu njo inakulaka motokari. Ule muntu iko na ingine kwake.» Hoja zake zilikuwa mbili ndani ya maneno machache, na zote mbili ni za kweli.

Ya kwanza ni kwamba kutu si historia tu, ni ugonjwa. Ukiiacha ifanye itakavyo, baada ya miaka hutakuwa na hati ya kusoma wala gari. Ya pili ni kwamba anayeweza kuliacha gari na kutu yake ni yule mwenye gari lingine la kumpeleka kazini. Kupenda uchakavu ni anasa. Mwaka 2024, kwenye mashindano ya magari ya kale ya Pebble Beach huko California, zawadi kuu ilikwenda kwa mara ya kwanza kwa gari la kundi la yasiyokarabatiwa, Bugatti Type 59 ya mwaka 1934. Gari hilo lilipata kuwa mali ya Leopold III, mfalme wa Wabelgiji, aliyelitaka liwe jeusi lenye mstari wa njano. Naam, mfalme yule yule ambaye babu zetu walikuwa raia wa koloni lake. Mikwaruzo ya gari lake inaheshimiwa kama maandiko, na nani aliyepewa zawadi kwa mikwaruzo ya baiskeli ya babu? Mjomba hajui habari za Bugatti, lakini alikwisha kulijibu jambo hilo.

Hata hivyo, nikitazama gereji yake naona anafanya kile ninachokitetea, bila kukipa jina. Pale kuna gari lenye mlango wa buluu kwenye bodi nyeupe. Kuna chasisi iliyounganishwa kwa chuma cha pembe, na mshono unaonekana kwa mita kumi. Hafichi mkono wake. Anatengeneza, hafanyi upya, na mambo haya mawili ndiyo tunayoyachanganya kila mara. Kutengeneza ni kuongeza mstari chini ya mistari iliyopo ili maandiko yaendelee. Kufanya upya ni kung'oa kurasa. Gari lililotengenezwa mara arobaini bado ni gari lisilokarabatiwa kwa maana ninayoitumia, kwa sababu kila tengenezo liko pale na linasomeka. Ufilipino wenyewe walipata jeep nyingi zilizoachwa na jeshi la Marekani baada ya vita, wakazirefusha, wakaziwekea paa na viti viwili virefu, wakazipamba, wakaziita jeepney, zikawa mabasi ya watu wote. Hakuna aliyezihifadhi wala aliyezirudisha 1944. Ninaziheshimu kuliko jeep yoyote ya maonyesho.

Watu wa magari ya kale wenyewe wamekwisha kulifikiria jambo hili kwa uzito kuliko tunavyodhani. Shirikisho lao la kimataifa, FIVA, lilipitisha mwaka 2012 Hati ya Turin, iliyofuata mfano wa Hati ya Venice ya 1964 inayohusu majengo. Hati hiyo inatanguliza kuhifadhi mbele ya kukarabati, na inataka kila kinachobadilishwa kiandikwe. Si sheria, hakuna askari atakayemkamata mtu na kopo la rangi. Lakini nilipoisoma nilijiuliza kwa nini wapenzi wa magari wana hati ya namna hiyo na sisi tunaoshika maneno ya watu hatuna.

Maana sasa nafika nyumbani. Katika mji huu kuna andiko ambalo kila mwanafunzi wa Kiswahili wa Kongo angepaswa kulishika mkononi: Vocabulaire ya mji wa Elisabethville, iliyokusanywa na André Yav na kupigwa mashine mwaka 1965 kwa ajili ya chama cha waliokuwa maboyi wa Wazungu. Ni historia ya mji kama walivyoijua waliofua na kupika. Maneno yameunganishwa pasipounganika na kutenganishwa pasipotenganika, tahajia inabadilika ndani ya ukurasa mmoja, na Kiswahili chake si cha kamusi yoyote. Johannes Fabian, aliyepata kufundisha hapa Lubumbashi, alilitoa kitabuni mwaka 1990. Kazi ya kulisafisha ingekuwa rahisi kwake. Badala yake alichapisha kurasa kama zilivyopigwa mashine. Kisha Kalundi Mango akalisoma andiko kwa sauti, na usomaji wake ukaandikwa kando, ili anayetaka kufuata maana aweze. Tafsiri ikaja baada ya hapo, na maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho. Kila tabaka liko mahali pake na hakuna lililokula jingine. Hii ndiyo jeep ya bandani iliyotiwa breki mpya na kuachiwa rangi yake.

Sasa tazameni kazi zetu za kumaliza masomo. Mwanafunzi anakwenda Katuba au Ruashi na simu yake, anamrekodi nyanya wa miaka themanini, anarudi na saa mbili za masimulizi ambayo hayatapatikana tena nyanya akishakufa. Halafu anaandika. Nyanya alisema «batoto», kwenye ukurasa inakuwa «watoto». Alisema «bintu», inakuwa «vitu». Neno la Kifaransa alilolimeza na kulifanya lake linatupwa, mahali pake linawekwa neno la Dar es Salaam ambalo nyanya hajapata kulisikia. Mwisho wa kazi tuna hadithi nzuri, iliyonyooka, inayong'aa, na hakuna mtu aliyewahi kuisimulia hivyo. Kile kiambishi ba- kilikuwa bonyeo la beleshi: kinaonyesha lugha za Kibantu zilizokaa ubavuni mwa Kiswahili kilipofika katika nchi hii ya migodi, Kiluba, Kibemba na nyingine. Neno la Kifaransa lilikuwa boliti yenye F, iliyofungwa na mtu aliyekuwa na haraka kwa sababu kazi ilikuwa inangoja. Tumevitoa vyote tukaweka vipande safi, na sauti yenyewe iko katika simu ambayo itaibiwa sokoni au itakufa.

Ninajua waalimu wetu watajibu nini, na jibu lao lina uzito. Watasema kazi ya kitivo ni kufundisha Kiswahili sanifu, na kwamba mwanafunzi akiandika «bintu» katika mtihani wa uandishi hatapata kazi popote. Sawa. Sijasema jeep ya bandani iendeshwe bila breki. Makala hii yenyewe nimeiandika kwa sanifu, kadiri nilivyoweza. Lakini kujifunza kuendesha gari jipya hakumlazimishi mtu kulipiga msasa la zamani. Sanifu ni lugha yangu ninapoandika mimi. Haina haki ya kuwa lugha ya nyanya anaposema yeye. Wako pia wanaosema kwamba kumwandika mtu na «makosa» yake ni kumdharau. Hoja hii inanipa taabu kuliko ile ya kwanza, kwa sababu nimewaona wazee wanaoona aibu kusomewa maneno yao yalivyo. Lakini aibu hiyo ni sisi tuliowapa, na hatutaiondoa kwa kuendelea kuwafutia maneno.

Kuhusu jeep, mpaka wangu ninauweka hivi. Breki zibadilishwe, waya za umeme zibadilishwe, mipira na matangi yatazamwe. Kutu inayotafuna chasisi isimamishwe, na pale chuma kilipokwisha kitiwe kiraka kinachoonekana, chenye tarehe. Boliti zote zitolewazo ziwekwe katika kopo na kopo liandikwe. Bodi ioshwe kwa maji na kupakwa mafuta, basi. Rangi isiguswe, hata ile buluu mbaya ya brashi, hata jina la duka lililofutwa nusu.

Kuhusu kazi zetu, ombi langu kwa idara ni dogo na halina gharama kubwa. Kila kazi yenye masimulizi iwe na safu mbili. Ya kushoto iwe maneno kama yalivyotamkwa, na ya kulia iwe sanifu kwa anayeihitaji. Mkarabati aruhusiwe kufanya ukarabati wake kulia. Rekodi yenyewe iwekwe mahali pamoja na nyingine, pasipotegemea simu ya mtu. Ninayo tayari moja ya kuanzia, ya mzee wa Kamalondo aliyekuwa dereva wa kampuni katika ujana wake. Ndani ya dakika tatu anaitaja gari yake ya kwanza mara nne, na kila mara anatamka jeep kwa namna nyingine: jipi, njipi, zipi, na mara moja, akimwigiza bwana wake, anaitamka sawasawa kabisa, kisha anacheka. Katika safu ya kulia yote manne yatakuwa neno moja.